Tuwaite Barazani Waliopoteza Kazi

Ndugu zetu wa Lusangi, wa Kasongo na Kabambare,

Januari 2016 kampuni ya Banro ilitangaza kwamba mgodi wa dhahabu wa Namoya, kule Salamabila, umeanza uzalishaji kamili. Septemba 2019 kazi ikasimamishwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Aliyezoea kuhesabu siku kwa mshahara akabaki kuhesabu madeni. Na anayechimba kwa chepe anaweza kumaliza wiki asipate kitu. Hata siku anapopata, roho haitulii, maana kesho haijulikani. Yuko pia mwalimu anayefundisha huku jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali.

Kinachopotea si pesa tu. Kiwanda cha nguo cha Marienthal, Austria, kilipofungwa, Marie Jahoda na wenzake walichunguza maisha ya kijiji hicho, wakachapisha matokeo mwaka 1933. Watu walikuwa na nafasi tele, lakini hata vitabu vya maktaba walipunguza kuazima. Wanaume walitembea polepole, wakisimama-simama njiani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiwangoja.

Basi waliopoteza kazi hapa kwetu tuwangoje sisi. Baba aliyefukuzwa kazi apewe daftari la likelemba, mchango wetu wa zamu, aandike hesabu, aongoze salongo, kazi ya pamoja ya barabara, awafundishe vijana ufundi wake. Asikatwe maneno barazani eti kwa sababu hana kitu mfukoni. Na mama anayelisha nyumba nzima kwa meza yake ndogo ya sokoni, nani anamuuliza kama analala?

Mtu akikosa usingizi, akijitenga, akianza kunywa tangu asubuhi, tusikimbilie kusema amelogwa. Huzuni nzito ni ugonjwa. Tumsindikize kituo cha afya. Akisema heri afe, tumwamini: asiachwe peke yake, na sumu ya shamba iondolewe nyumbani.

Enyi wenye mashimo ya dhahabu na wakubwa wa ofisi, semeni ukweli mapema. Kama mshahara hautatoka, mfanyakazi ajue leo, ajipange na mkewe.

Maimamu Ijumaa hii, mapadri na wachungaji Jumapili, tunawaomba mgawane na wazee wa mtaa zamu za kutembelea nyumba za waliopoteza kazi, kila nyumba ipate mtu wa kubisha hodi kabla ya wiki kwisha.