ZAWADI IWE MOJA



Siku ya michezo iliyopita, bavulana walioshinda walipewa mupira mupya. Mabinti walioshinda walipewa sabuni. Wengi walicheka. Mimi sikucheka.

Jambo hili haliko letu peke yetu. Kule New York kuna mashindano makubwa ya tenisi, US Open. Wanaume na wanawake wanacheza mahali pamoja, na tangu 1978 ni juu ya kiwanja kigumu, karibu kama simenti yetu. Mwaka 1972 Ilie Năstase alishinda kwa wanaume, akapata dola 25.000. Billie Jean King alishinda kwa wanawake, akapata 10.000 tu. Hakunyamaza. Alisema kama zawadi hazilingani, yeye na wenzake hawatarudi. Mwaka 1973 John Newcombe na Margaret Court walishinda, na kila mumoja alipata 25.000. Wimbledon yenyewe ilingoja mpaka 2007.

Wenzangu banasema: wanaume banacheza mpaka seti tano, wanawake tatu. Ni kweli. Lakini mwenye kushinda mbio za meta 100 hapewi medali ndogo kuliko yule wa maratoni. Zawadi ni ya kushinda, haiko mushahara wa saa.

Basi ninaomba bakubwa wetu: kama kuna mupira mumoja, timu mbili ziutumie kwa zamu. Kama ni sabuni, sote tupate sabuni. Katika ibada tunafundishwa kwamba Mungu hana upendeleo. Njo vile na sisi tufanye, tuanzie kwenye kiwanja.