Gunia Limejaa Vitambaa na Bado Unaenda Eastleigh

Wasee, hii tabia ya kusema "nataka kujishonea seti ya nguo, wacha kwanza ninunue kitambaa" iishe. Video za aina hiyo haziishi, na zote zinaanza pahali pamoja: mtu ako Eastleigh ama Biashara Street, mifuko mitatu mkononi, anatuonyesha jezi mpya ya kuvutika. Halafu anafika keja, anaweka simu kwa meza, na nyuma yake unaona gunia. Limejaa mpaka halifungi. Vitambaa vya mwaka jana, vya mwaka juzi, vingine bado viko na karatasi ya bei.

Huyo hashoni. Huyo ananunua, na cherehani ni pambo la video.

Mimi nasema hivi, na mtanitukana kwa comments kama kawaida: seti ya nguo zinazoendana inatoka vizuri zaidi kwa gunia ulilo nalo kuliko kwa duka. Fikiria tu. Hivyo vitambaa ulichagua wewe, kwa macho yako, siku tofauti, na kila mtu huwa na rangi zake anazorudia bila kujua. Mwaga gunia kwa kitanda mchana, karibu na dirisha, utaona. Mimi yangu ilikuwa nyeusi, kahawa, na vitu vya mistari. Rangi zilishaelewana zamani, zilikuwa zinaningoja tu. Dukani ukiwa na thao tano mfukoni, kila rangi inakuita, na unarudi na njano moja ambayo haijui mtu yeyote kwa kabati lako.

Hebu nikuonyeshe hesabu. Nyeusi nene mita 3, kahawa nyepesi mita 2, mistari mita 1, na kipande cha maruni chini ya mita. Upana wote ni sentimita 150. Nyeusi ikatoa sketi ndefu na suruali ya kubana, na vipande vilivyobaki vikawa kola za shingo. Kahawa ikatoa tisheti na sweta fupi ya wazi mbele. Mistari ikawa blauzi ya mikono mirefu, maruni ikawa vesti. Nguo 6. Chini mbili mara juu tatu ni mavazi 6, na ukitupia sweta juu ni 12. Ile kola nyeusi kwa tisheti ya kahawa ndiyo inafanya watu waulize "hii seti ulinunua wapi?" na iko pale kwa sababu kahawa iliisha. Uhaba wa kitambaa ndio ulikuwa dizaina.

Sasa kuna hawa mabingwa wanaokwambia vitambaa vya kuvutika huwezi kushona bila ovaloki, kwa hivyo subiri upate mashine. Uongo. Sijui wanalipwa na nani, ama najua. Kitambaa cha kuvutika kimefumwa kwa vitanzi, kama sweta ya shosho, ndiyo maana kinavutika na ndiyo maana hakichanuki nyuzi ovyo ukikikata. Cherehani ya kawaida yenye zigizaga inatosha. Weka zigizaga nyembamba ili mshono uvutike na nguo, la sivyo utakatika siku ya kwanza ukikaa kwa matatu. Badilisha sindano, chukua ile ya ncha ya mviringo, inayosukuma uzi kando badala ya kuutoboa. Ukiona mshono unaruka ruka, mara nyingi shida ni sindano, si wewe. Na usivute kitambaa ukishona, wacha mashine ikibebe yenyewe, ama pindo litatoka na mawimbi kama bahari ya Mombasa.

Mengine ni ya kupima. Shika sentimita 10 za kitambaa, vuta. Kikifika 15, mvutiko ni asilimia 50, hicho kinafaa nguo ya kubana. Kikifika 12 tu, shona kitu cha kulegea, usilazimishe. Mvutiko mkubwa uzunguke mwili, usishuke chini. Kola ya shingo iwe fupi kuliko shingo yenyewe, kama asilimia 85 hivi, ndiyo ilale. Mabegani shonea ukanda mwembamba wa pamba usiovutika, juu ya mabega ndiyo yanabeba uzito wote. Na osha kitambaa kabla hujakata, hasa cha pamba, kwa sababu kitapungua tu, bora kipungue kikiwa mita kuliko kikiwa blauzi.

Hiyo yote haihitaji pesa. Ndiyo maana hamwioni kwa video zao. Kuna duka moja lilinitafuta mwaka huu, likataka video moja kila wiki ya kufungua mzigo mpya wa vitambaa, na sharti likaandikwa waziwazi: nisiwahi kuonyesha kitambaa cha zamani. Niliacha chuo mwaka wa pili, kodi ya nyumba nalipa kwa hii kazi, kwa hivyo msidhani pesa haikuniuma. Lakini wanaoniangalia wengi ni wa miaka 17, 18, wanaweka akiba ya nauli. Siwezi kumwambia huyo kwamba ubunifu unaanzia kwa kaunta.

Kuna mwenye atasema naharibia watu biashara. "Nunua Kenya, jenga Kenya." Sawa, kitambaa gani cha Kenya? Viwanda kama KICOMI ya Kisumu vilifungwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Jezi nyingi unazonunua mjini zimekuja na meli, na nyingi ni poliesta, yaani mafuta ya petroli yaliyogeuzwa uzi. Haiozi. Ukiichoka itaishia Dandora ikalale huko kuliko maisha yako. Ukitaka kujenga mtu, beba gunia lako upeleke kwa fundi wa mtaa, umlipe ufundi. Huyo ndiye pesa yake inazunguka hapa kwetu. Yule fundi wa ploti yangu ako na ovaloki, ananimalizia kingo kwa bei ya soda mbili, na hajawahi kuniuliza kitambaa nilinunua lini.

Na kama huna gunia, usikimbilie duka bado. Angalia kabati la mathe. Zile tisheti kubwa za mtumba, XXL na kuendelea, kila moja ni kitambaa cha kuvutika kilichoshaoshwa mara mia, hakipungui tena. Gikomba watu wanapigania kamera, mimi naenda kwa fagia, natafuta nguo kubwa yenye doa kifuani. Doa unalikata. Mbili za rangi moja zinatoa sketi.

Kwa hivyo wikendi hii mwageni magunia. Nitumieni picha ya kitanda kwanza, vitambaa vyote vikiwa vimelala mchana, halafu picha ya nguo zikiisha. Nitaziweka zote kwa ukurasa. Mwenye atanitumia picha ya risiti namblock.