Ramani ya kompyuta haitoshi kuokoa vyura wa milimani

CHURA wa Kihansi, nchini Tanzania, aligunduliwa na wanasayansi mwaka wa 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa tayari umeanza.

Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko, katika hekta chache tu. Bwawa lilipoanza kazi mwaka wa 2000, maji mengi yalielekezwa kwingine na manyunyu yakakatika. Kufikia 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliosalia walikuwa wakifugwa Marekani, na walianza kurejeshwa bondeni mnamo 2012.

Kisa hicho ni kipimo kizuri cha mbinu inayotegemewa sana na wataalamu wa mazingira siku hizi: modeli za kubashiri makazi ya viumbe. Kompyuta hupewa sehemu alikoonekana mnyama, pamoja na takwimu za joto, mvua na mwinuko, kisha huchora ramani ya sehemu nyingine zenye hali kama hiyo.

Hata hivyo, takwimu za hali ya hewa zinazotumika mara nyingi hugawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita moja, yaani hekta 100. Makazi yote ya chura wa Kihansi yangemezwa na mraba mmoja.

Kenya ina mtihani wake katika Milima ya Taita. Chura aitwaye Callulina dawida, aliyetambulishwa rasmi mwaka wa 2009, amebakia katika masalio ya misitu ya Dabida. Mlimani Sagalla kuna Boulengerula niedeni, asiye na miguu, ambaye wengi humdhania kuwa nyungunyungu. Huyu anatishiwa na mmomonyoko wa udongo na mikaratusi, na ramani ya joto na mvua haioni mkaratusi.

Si kwamba modeli hazifai. Zinaweza kuonyesha watafiti waanzie wapi kabla ya leseni kutolewa. Hatari ni pale mraba mtupu unaposomwa kama ithibati kwamba hakuna kiumbe, hasa kwa kuwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, mwenye mradi ndiye anayegharamia tathmini.

Kwa hivyo NEMA inapaswa kudai, pamoja na ramani, ripoti ya waliofika mahali penyewe. Huko Sagalla, hiyo ni kazi ya jembe, wakati wa masika udongo ukiwa umelowa.