Majaribio ya programu yanahitaji mtu wa kuyasoma, si mashine ya kuyaendesha tu

Ijumaa tarehe 29 mwezi wa tatu 2024, Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft, alitangaza kwamba kulikuwa mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayopatikana karibu katika kila mfumo wa Linux. Mashaka yake yalianzia kwa jambo dogo: kuingia kwenye kompyuta ya mbali kulichelewa kwa karibu nusu ya sekunde. Alipochunguza, alikuta matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yametiwa sumu. Hatari hiyo ilipewa alama 10 juu ya 10.

Mengi yalisemwa juu ya mlango wenyewe. Machache yalisemwa juu ya mahali sumu ilipofichwa, nako ni katika mafaili ya majaribio. Programu kama xz hubeba mafaili yaliyoharibiwa kwa kusudi, ili ionekane kama itajua kuyakataa. Nani atapoteza wakati kuchunguza faili ambalo jina lake linasema limeharibika? Aliyepanga shambulio alijua hakuna. Kisha akaongeza mistari michache katika maagizo ya ujenzi. Mistari hiyo ilikuwa katika furushi la toleo peke yake, haikuwa katika hazina ya wazi ambamo wengine husoma msimbo. Wakati programu ilipojengwa, maagizo hayo yalitoa sumu kutoka mafaili ya majaribio na kuiingiza ndani.

Kwa bahati, matoleo hayo yalikuwa bado hayajafika katika mifumo mikubwa iliyotulia. Lakini kisa hiki kinaonyesha kosa ambalo wengi wanaendelea kulifanya: kuamini kwamba programu yenye majaribio iko salama, hata kama hakuna mtu anayeyaangalia.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, inafaa kujua programu inajengwa namna gani. Mwandishi wa programu anaandika maneno ambayo binadamu anaweza kusoma. Maneno hayo yanapashwa kugeuzwa ili kompyuta iyatumie, na kila kompyuta ina tabia zake. Kazi ya kupanga mgeuzo huo inafanywa na vyombo vya ujenzi. Kimoja kati ya vile vya zamani ni Automake, cha mradi wa GNU, kilichoanza katika miaka ya 1990. Hata xz inajengwa kwa Automake na ndugu yake Autoconf.

Masoni akitumia kamba ya kupimia iliyo mbovu, kila nyumba anayojenga inapinda, si ukuta mmoja tu. Chombo cha ujenzi ni hivyo hivyo. Kosa likiingia humo, linaweza kutokea katika mamia ya programu ambazo waandishi wake hawakukosea kitu.

Ndiyo maana Automake inabeba majaribio yake yenyewe, zaidi ya 2000. Kila jaribio ni andiko fupi linalojenga mradi mdogo na kuangalia kama matokeo ni yale yaliyotazamiwa. Amri moja, make check, inayaendesha yote. Jaribio linaweza kufaulu, kushindwa, ao kurukwa kwa sababu kompyuta haina kifaa kinachohitajika. Linaweza pia kushindwa kama ilivyotazamiwa, maana yake kasoro inajulikana na bado haijatengenezwa.

Kuna jibu lingine linaloshangaza wengi. Jaribio lililotazamiwa kushindwa likifaulu, Automake inalihesabu kuwa kosa. Hekima yake ni kwamba kilichoandikwa hakilingani tena na hali ya kweli. Pengine kasoro imetengenezwa bila mtu kujua, pengine jaribio lenyewe limeharibika. Mashine haiwezi kuamua. Mtu anapashwa kwenda kuangalia.

Majaribio yanayorukwa nayo yana hatari yake. Kwenye kompyuta isiyo na vifaa vya lugha ya Fortran ao Java, majaribio mengi yatarukwa, na ripoti ya mwisho bado inaweza kusema hakuna lililoshindwa. Anayesoma mstari wa mwisho peke yake atadhani kila kitu kimepimwa.

Mfano wa Python unaonyesha zaidi. Kwa miaka mingi, njia ya mkato ya kujua toleo la lugha hiyo ilikuwa kusoma herufi tatu za kwanza: 2.7, 3.8, 3.9. Lakini baada ya 3.9 ingekuja 3.10, na kwa njia ile ingesomwa kuwa 3.1, toleo la mwaka 2009. Automake ilisahihishwa katika toleo lake 1.16.3, mwaka 2020, wakati Python 3.10 yenyewe ilitoka mwezi wa kumi 2021. Majaribio yaliyofanywa kwa 3.8 ao 3.9 yasingeonyesha kasoro hiyo hata yangeendeshwa mara elfu. Ilihitaji mtu wa kutazama mbele na kuuliza kitakachofuata.

Kuna wanaosema kazi hii iachiwe mashine, kwa kuwa leo kuna seva zinazoendesha majaribio kila mara msimbo unapobadilishwa. Seva hizo ni msaada mkubwa. Lakini zinasema tu nyekundu ao kijani. Jaribio likishindwa leo kwa sababu mashine ilikuwa nzito, kesho kwa sababu mtandao ulikatika, watu wanazoea nyekundu. Siku kosa la kweli linapokuja, linapita kati ya makosa ya uongo. Kazi ya kutunza majaribio ni kuondoa yaliyopitwa, kutengeneza yanayoyumba, na kuandika jipya kila kasoro inapogunduliwa ili isirudi tena.

Kazi hiyo haina sifa, na mara nyingi haina mshahara. Autoconf ilitoa toleo 2.69 mwaka 2012, na toleo 2.70 likafika mwezi wa kumi na mbili 2020, miaka minane baadaye. Kampuni ya Bloomberg ilikuwa kati ya waliochanga feza ili kazi ianze tena. Kwa upande wa xz, mzigo ulikuwa kwa muda mrefu juu ya mtu mmoja, Lasse Collin, aliyefanya kazi bila malipo. Aliyejiita Jia Tan alikuja kama msaidizi, akajipatia imani kwa zaidi ya miaka miwili, hata akapata ruhusa ya kutoa matoleo. Mtu aliyechoka ni vigumu kumkataa anayejitolea kumsaidia.

Mwaka 2022 Ujerumani ilianzisha Sovereign Tech Fund, mfuko wa kusaidia programu za msingi za namna hii. Hiyo ndiyo njia nzuri. Kampuni zinazopata faida juu ya vyombo hivi zinapashwa kufuata, kwa feza na kwa saa za kazi za wahandisi wao. Salongo inasafisha mtaro siku moja. Bila mtu wa kuuangalia, mvua ikija mtaro umejaa tena.

Jambo hili haliko mbali na Kongo. Seva nyingi zinazobeba intaneti zinatumia Linux, na mkaaji wa Bukavu ao Bunia anayefungua ukurasa kwa simu anapita humo bila kujua. Tena, hapa kuna mlango kwa vijana wanaosomea informatiki. Automake haiuzwi. Ikiisha kupakuliwa, majaribio yake mengi yanaendeshwa bila mtandao, mradi umeme upo. Ripoti safi ya jaribio lililoshindwa, yenye kueleza kompyuta gani na hatua gani, ni msaada wa kweli kwa wasimamizi, na kwa mwanafunzi ni shule. Walimu nao wanaweza kuanza sasa kudai kwamba kazi ya mwisho wa masomo ije na majaribio yake, na kuyapa alama.

Na shirika lolote linalonunua programu linapashwa kuuliza muuzaji maswali matatu: majaribio yako wapi, yaliendeshwa lini mara ya mwisho, na nani anasoma matokeo? Swali la tatu likikosa jibu, majibu ya mawili ya kwanza hayatoshi kutia sahihi kwenye mkataba.