Uvimbe wa Titi Una Jina: Liulizeni



Wasomaji wetu wapendwa, juma hili nasaha yetu tunaielekeza kwanza kwa ndugu zetu walioko Meru na Embu, kisha kwetu sote tulioko Pwani. Hospitali kuu za umma za miji hiyo miwili hutoa dawa za saratani, na hiyo ni neema. Lakini dawa ipi? Saratani ya titi si maradhi ya namna moja.

Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya chembe za mwili jeni, nazo ni maagizo ya kuuendesha. Mojawapo huitwa HER2. Hutengeneza protini ya jamii ya kinasi, inayokaa kwenye ukuta wa chembe mfano wa bawabu mlangoni, ikiiamrisha chembe ikue na kugawanyika inapohitajika. Chembe yenye afya ina nakala mbili tu za jeni hii. Katika takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ya titi, nakala huzidi mno, mabawabu hujazana, na amri ya kukua haikomi tena.

Hitilafu hii binti hairithi kwa mamake. Huzuka ndani ya uvimbe wenyewe. Basi si haki kuirudisha posa kwa ajili yake, wala kumtuhumu jirani kwa uchawi.

Dawa iitwayo trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, humshika bawabu huyo na kuizuia amri yake. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya wiki tatu kwa muda wa mwaka. Hapa Kenya dozi moja ilikuwa shilingi 120,000; kwa makubaliano ya mwaka 2025 ilishushwa hadi 40,000, zinazolipwa na bima ya SHA. Lakini haimfai ila yule ambaye HER2 yake imezidi, na hilo hujulikana kwa kipimo tu.

Kwa hivyo, dada yetu, ukitolewa kinofu cha uvimbe kipelekwe maabara, uliza: "Je, kitapimwa HER2?" Nanyi waume, isajilini familia katika SHA na mlipe michango kabla ya maradhi, kisha mfuatane na wake zenu hospitalini. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa, na kuuliza ni mwanzo wa kutafuta.

Wabillahi tawfiq.