Jiwe la Volkeno Si Fundi wa Gramafoni

"Sahani ikiwa nzito, muziki unatulia." Maneno hayo yalisemwa mbele yangu wiki hii hapa Rugerero na mzee mwenye akili zake timamu, huku akiweka jiwe jeusi la volkeno katikati ya santuri ya Franco na TPOK Jazz. Chini ya santuri alitandika duara la mpira alilolikata kwenye tyubu ya lori. Juu ya kichwa cha sindano kulikuwa na sarafu iliyobandikwa kwa selotepu. Nilinyamaza, nyumba ilikuwa yake. Hapa gazetini mwenye nyumba ni mimi.

Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Sauti ikipanda na kushuka, tazama saa. Ikiwa yumbo linarudi kila baada ya sekunde 1.8, basi tundu la santuri halikutobolewa katikati, au santuri imepinda kwa kuachwa juani. Jiwe litahamisha tundu? Wimbo ukikokota miguu, huenda mkanda umezeeka, umelegea na unateleza. Jiwe litaukaza? Litauzidishia mzigo tu. Ukisikia mngurumo, huenda ekseli imekauka mafuta, na jiwe ndilo litakaloikandamiza mpaka ilike. Kila ugonjwa una mahali pake, na hakuna hata mmoja unaokaa juu ya santuri.

Wapo wanaonitajia gramafoni nzito za madijei. Technics SL-1200 ilitoka mwaka 1972, haina mkanda, mota yake inazungusha sahani moja kwa moja, na uzito wake ulipangwa na wahandisi. Haukuokotwa uani.

Wengine wana hoja tamu zaidi: eti jiwe linasaidia ardhi ikitikisika. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua kuta hapa Rubavu. Kuta, jamani! Na wewe unataka kuituliza ardhi kwa kijiwe cha ukubwa wa ndimu.

Sarafu ndiyo inayonichoma zaidi. Sindano nyingi za sumaku zinataka gramu 1.5 hadi 3 tu, nawe unaibebesha mzigo unaoweza kuzidi hapo maradufu. Itauchimba mfereji wa santuri kama jembe, na rumba iliyochapwa Kinshasa miaka hamsini iliyopita hakuna wa kukuchapia tena.

Halafu tazama gramafoni yenyewe ilipo: juu ya kabati moja na spika mbili kubwa kama jokofu! Besi inatetemesha kabati, kabati linatetemesha sindano, sindano inarudisha mtetemo kwenye spika, na mwenye nyumba analaumu malori ya mpakani.

Shusha spika sakafuni. Gramafoni iweke kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani, uisawazishe kwa pima maji. Nunua mkanda mpya, tia tone la mafuta mepesi ya cherehani kwenye ekseli. Yumbo la sekunde 1.8 likibaki, tafuta nakala nyingine ya santuri.