Anika Godoro, Usimwanike Mtoto

Wasee, kuna kitu kinanikera kwa hizi ploti zetu. Asubuhi godoro linatolewa nje, halafu mtoto wa miaka mitatu anasimamishwa kando yake ndio majirani wamwone "kikojozi". Watu wanacheka. Kuna mwenye anatoa simu anarekodi. Na mnaita hiyo malezi?

Najua mtaniambia, "Wewe uliacha chuo, huna mtoto, unatufunza nini?" Sawa. Lakini sista yangu akienda shifti ya usiku, mimi ndiye hubaki na mtoi wake. Mashuka ya mkojo nayajua.

Kukaa mkavu mchana ni kujifunza: mtoto anasikia mkojo, anakimbia kwa poti. Usiku ni mambo mengine. Mwili lazima ukomae kwanza. Kuna homoni inayoambia figo zipunguze mkojo usiku, na ubongo lazima uzoee kuamka kibofu kikijaa. Wengine inawahi, wengine inachelewa, na mara nyingi ni ya kurithi. Huyo baba anayeshika mshipi, hebu ulizeni shosho godoro lake lilikuwaje. Kabla ya miaka 5 madaktari hawaoni hata kama ni shida. Sasa unamchapa mtu kwa kitu alifanya akiwa amelala, ili ajue nini?

Ukitaka kusaidia, anza na chai. Sisi mtoto anapewa kikombe kizima saa mbili usiku, saa tatu amelala. Chai ina kafeini, kola pia. Mpe maji ya kutosha mchana, usimlaze na kiu, ila jioni upunguze. Halafu choo. Choo cha ploti kiko mwisho wa korido, taa iliungua kitambo, hata mimi naogopa kwenda, na nina miaka 22! Weka poti kando ya kitanda, akojoe kabla ya kulala, acha mwanga kidogo. Tandika nailoni chini ya shuka, ikaze vizuri kwa godoro. Pia cheki kama anaenda haja kubwa vizuri, juu akifunga choo, tumbo linafinya kibofu. Akiamka mkavu, msifu. Akiamka ameloa, badilisha shuka, maisha iendelee.

Lakini akianza tena baada ya kukaa mkavu miezi 6, akilia akikojoa, au akiwa na kiu isiyoisha, mpeleke kliniki leo. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, inaweza kuwa sukari. Wakati mwingine kuna kitu au mtu anamtisha, na mtoto mwenye amezoea kuchekwa hatakuambia.

Na wewe uko na ile video: Sheria ya Watoto ya 2022 inampa huyo mtoto haki ya faragha. Ifute.